Kusaidia kiné hospitalini: mambo tuliyoyakuta mwanzoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lweba)



Mlituomba tuwaelezee kazi tuliyoianza hospitalini, sisi vijana watatu wa chama. Watu wanatuuliza njiani: "Ninyi ni waganga ao ni wakandaji?" Sisi si waganga. Kuko kiné mwenye diploma, na sisi ni wasaidizi wake. Yeye anapima mgonjwa na kupanga mazoezi. Sisi tunamfanyisha mgonjwa mazoezi hayo, tunamshika asianguke, kiisha tunaandika kwenye fishi yake alichoweza na kilichomuuma. Tukiona kitu kigeni, tunasimamisha na kuita kiné.

Mnajua tulikotoka. Vita ya 1996 iliwavusha wazazi wetu ziwa mpaka Kigoma, na sisi tukazaliwa Nyarugusu na Lugufu. Meli za kurudisha watu Baraka zilianza mwaka 2005, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Tulirudi na Kiswahili cha kule, hospitalini tukakuta Kifaransa. Tulichokiita hogo, hapa ni plâtre. Magongo ni bekiye. Wiki za kwanza tulitembea na kadaftari ka maneno mfukoni.

Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kulala sana kunaharibu mwili. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza tunamgeuza kila saa mbili hivi, juu ngozi inayokandamizwa mahali pamoja inakufa na kufanya kidonda. Aliyefunguliwa plâtre, goti lake limekuwa gumu sawa mti, na misuli imekonda. Hapo ndipo kazi yetu inaanza: kukunja kidogo, kunyoosha kidogo, kila siku.

Jambo la pili ni jamaa ya mgonjwa. Wanampenda, na kwa upendo huo wanamzuia. Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, dada yake anamwekea mto chini ya goti ili apumzike. Lakini goti likizoea kukunjika, halitanyooka tena vizuri, na siku ya kuvaa mguu wa bandia itakuwa shida. Basi tunaondoa mto, na tunaeleza pole pole, kwa heshima, hasa tukiongea na mtu mwenye umri wa mama yetu. Tumeona kwamba jamaa akielewa sababu, yeye mwenyewe anakuwa msaidizi wa nne.

Sasa tuongee juu ya watoto, maana ndiyo sababu kubwa ya kusimama hapa leo. Kuko watoto wanaozaliwa na nyayo zimepinda kuangalia ndani. Wengine wanasema ni laana, ao mama alikosea mwiko. Hapana. Ni kilema kinachotengenezeka, na mara nyingi bila upasuaji mkubwa. Njia inayotumiwa duniani inaitwa kwa jina la daktari Ponseti. Mguu unanyooshwa kidogo kwa mikono, unafungwa plâtre, na kila wiki plâtre inabadilishwa, mara tano ao sita hivi. Watoto wengi wanakatwa pia kamshipa ka kisigino, kidonda kadogo tu. Kiisha mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma: miezi mitatu ya kwanza karibu mchana na usiku, halafu wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne hivi. Ni vizuri kuanza wiki za kwanza za maisha, mguu ukingali laini.

Shida yetu si plâtre. Shida ni moto. Mama wa kijijini analipa motari kwenda na kurudi kila wiki, na shamba linamngojea. Plâtre ya tatu anakuja, ya nne hatumuoni. Akiacha njiani, mguu unarudia kupinda. Viatu navyo vikiachwa mapema, ni vile vile. Mtoto huyo akikua, atatembea juu ya mgongo wa mguu, na kwenda shule itakuwa taabu ya kila siku.

Ndiyo maana tunaomba mambo mawili. Wanachama, tukubaliane leo sehemu ya sanduku letu la kusaidiana ilipe moto ya watoto hawa mpaka plâtre ya mwisho. Na kila kijiji kitoe mama mmoja wa kupita kuuliza: viatu vinavaliwa? Wafadhili, mkitaka kusaidia, saidieni viatu hivyo, na mbao kwa maseremala wetu watengeneze bekiye hapa hapa.

Sisi tutaendelea kujifunza. Ukiona mtoto wa jirani na mguu umepinda, usingoje atembee. Mtume kwetu.