Mwili Uko Kazini, Moyo Uko Wapi?

Mwezi wa Desemba umefika. Maofisi yanafunga hesabu za mwaka, watoto wamekwisha kufunga shule, na kwenye vituo vya mabasi nauli imeanza kupanda kama ilivyo desturi yake. Wengi wetu tunahesabu siku. Basi leo twataka kuulizana jambo ambalo si rahisi kuulizana kazini: je, twahesabu siku kwa kuwa twatamani kufika nyumbani, au kwa kuwa hatuwezi tena kuivumilia kazi?

Yuko mtu ambaye hajaacha kazi, hajafukuzwa, wala hajaandikiwa barua ya onyo. Saa mbili kamili amefika, ametundika koti lake, amefungua daftari. Akiulizwa hujibu. Lakini zamani alipoona kosa katika hesabu alilisahihisha kabla hajaambiwa. Siku hizi huliona na kuliacha lipite. Yuko mwalimu aliyemjua kila mtoto na shida ya kwao. Sasa anaita majina tu na kutia alama. Yuko muuguzi ambaye hapo kwanza alikuwa akimshika mgonjwa mkono, na sasa humwita kwa namba ya kitanda. Watu hawa tunawajua. Tena baadhi yetu tunaosikiliza asubuhi hii ndio hao.

Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Marekani, William Kahn, aliandika juu ya jambo hili baada ya kuwachunguza vijana waliosimamia kambi ya watoto, na watu wa ofisi moja ya wachoraji wa ramani za majengo. Aliona kwamba mtu huweza kuitia nafsi yake katika kazi au kuiondoa, hali mwili umebaki palepale. Alisema pia kwamba mtu huitia nafsi yake akiona kazi hiyo ina maana, asipoogopa kuumizwa kwa kusema kweli, na akiwa bado ana nguvu mwilini na moyoni. Tangu hapo wengi wamelifuata jambo hilo. Kampuni ya Gallup, ambayo huwauliza wafanyakazi wa nchi nyingi kila mwaka, ilisema kwamba katika mwaka 2024 ni watu 21 tu katika kila 100 waliokuwa wamejitia kazini kwa moyo. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, ila lilitaja dalili zake: uchovu usiokwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba tunalofanya halifai kitu.

Kanisani tumezoea kuziona dalili hizo na kuziita jina moja tu, uvivu. Wakati mwingine ni uvivu kweli, hatutaki kudanganyana. Lakini mvivu hakuwa na moto tangu mwanzo. Huyu tunayemsema alikuwa nao, ukazimika, na kumkemea hakuuwashi.

Hebu tumwangalie Eliya katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu asimame juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, na Mungu akajibu kwa moto. Baadaye mvua ilinyesha, naye akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Mtu kama huyo ungedhani amejaa nguvu. Lakini Yezebeli alipotuma neno la kumtisha, Eliya alikimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Alikuwa amechoka na kazi yake, amechoka na watu wake, amejichoka na yeye mwenyewe.

Tungekuwa sisi tungemhubiria. Tungemkumbusha Karmeli, na pengine tungemtajia wengine wenye shida kumshinda. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Wala malaika hakumkatiza usingizi kwa haraka. Alipomgusa mara ya pili ilikuwa kwa chakula tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu. Huko ndiko Mungu alikozungumza naye.

Hatupendi kuuacha upande wa pili wa habari hiyo, ambao mara nyingi tunauruka. Usingizi na mkate vilimfikisha Horebu tu, na hapo bado alikuwa na lalamiko lilelile: ya kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu lalamiko hilo. Alimwambia kwamba wako 7,000 wasiompigia Baali goti. Kisha akampa mtu wa kusaidiana naye, Elisha mwana wa Shafati, aliyekutwa analima kwa ng'ombe jozi kumi na mbili. Eliya alirudi kazini, lakini hakurudi kwenye kazi ileile kwa namna ileile.

Twalisema hili kwa sababu wengi wetu twaitwika likizo mzigo isioweza kuubeba. Mwaka 2009 wataalamu wa Uholanzi na wenzao walikusanya uchunguzi uliokuwa umefanywa juu ya watu waliotoka likizo. Waliona kwamba likizo huwafaa watu kweli, lakini faida yake hupungua upesi, majuma machache tu baada ya kurudi kazini. Hilo halishangazi. Kama tatizo ni msimamizi anayetukana watu mbele ya wenzao, au kazi ya watu watatu iliyoachiwa mmoja, atakuta limemngoja mlangoni mwezi wa Januari. Likizo itamrudishia nguvu za kulisema. Lakini ni lazima lisemwe, kwa adabu na kwa mwenye uwezo wa kulibadilisha, na ikiwezekana kabla hatujarudia uchovu wetu.

Na likizo yenyewe, twaitumiaje? Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2007, Sabine Sonnentag wa Ujerumani na mwenziwe Charlotte Fritz walieleza mambo yanayomrudishia mfanyakazi nguvu. Moja lilikuwa kuiacha kazi kwa mawazo pia, si kwa miguu tu. Mengine yalikuwa kutulia, kujifunza kitu kilicho nje ya kazi, na kuwa na uhuru wa kupanga saa zako mwenyewe. Sasa tuipime Desemba yetu kwa maneno hayo! Tunasafiri usiku kucha tumebeba mizigo. Tukifika nyumbani kuna mkutano wa ukoo, kuna harusi mbili, kuna mchango wa kisima, na kila binamu amesikia kwamba sisi wa mjini tumeshuka. Simu iko mfukoni, na ofisi inaendelea kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Januari inatukuta tumechoka kuliko Novemba, karo ya shule mkononi hatuna, na deni juu yake.

Hatusemi watu wasiende nyumbani. Mama anayetungoja tangu Pasaka hana kosa lolote. Ila tunaweza kusema kabla ya kusafiri ni kiasi gani cha fedha tulicho nacho, na kisipite hapo. Tunaweza kutenga siku mbili zisizo na mkutano, tukalale, tukaende shambani na watoto, tukamsaidie baba kutengeneza boma. Mikono iliyoshika kalamu mwaka mzima hupumzika ikishika jembe, mradi hakuna anayeisimamia. Na simu inaweza kukaa kwenye sanduku, mwenzetu wa ofisini akiwa ameonyeshwa kabati lote tarehe ile tuliyoondoka.

Liko jambo lingine, nalo ndilo lililotufanya tuchague habari hii. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumwa na mjakazi, na ng'ombe na punda, ili mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inafuata njia iyo hiyo: mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na kila amalizapo miezi kumi na miwili apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Haikusema wa ofisini tu. Yaya anayelea watoto wetu yumo, na mtunza bustani pia.

Na huyo ndiye ambaye Krismasi huwa nzito kwake kuliko siku zote. Wageni wamejaa, masufuria hayaishi, na watoto wake mwenyewe wako kwa bibi yao, hawajamwona tangu Agosti. Twamlalamikia kwamba siku hizi kazi yake haina moyo. Tumewahi kumwuliza likizo yake ni lini?

Tumwite leo jioni, tuketi naye, tuhesabu siku zake pamoja, na tumpe mshahara wake na ruhusa yake akiwa na muda wa kukata tikiti. Tarehe 20 ikipita mabasi ya mbali hujaa, na anayefunguliwa mlango siku ya mwisho hulipa nauli maradufu au hukosa nafasi kabisa.