MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU NI MTOTO WETU SOTE

Hotuba kwa wanachama na wananchi wa Mpanda



Nimesimama kusema jambo moja tu. Watoto wetu wanaokwenda Chuo Kikuu tunawaaga kwa ngoma na pilau, kisha tunawaacha peke yao. Desturi hiyo tuikomeshe.

Reli ya Mpanda ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuchukua madini ya risasi. Madini yakapita Kaliua, yakafika pwani, yakavuka bahari. Sisi tukabakiwa na mashimo. Leo reli ile ile inachukua watoto wetu. Je, na hawa tuwapoteze?

Tukumbuke tulikotoka. Julius Nyerere alipoingia Makerere mwaka 1943, ilimbidi aende Uganda, kwani Tanganyika haikuwa na chuo kama hicho. Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Hakikuwa na nyumba. TANU ndiyo iliyokipa jengo lake lililoko Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kabla hakijahamia Mlimani mwaka 1964. Chama cha watu ambao wengi wao hawakupata kusoma ndicho kilichowapa wasomi paa!

Leo Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inasaidia wengi. Lakini fedha za kujikimu hazimfikii mwanafunzi mpaka ajiandikishe chuoni na kutia sahihi. Kabla ya hapo atakula nini? Atalala wapi? Mtoto wa tajiri hana wasiwasi. Mtoto wa mkulima wa Mpimbwe au mrina asali wa Inyonga afanyeje?

Basi tufanye mambo manne.

Kwanza, vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA mapema, na viongozi wa mitaa na vijiji wasimzungushe mtoto anayetaka sahihi ya fomu ya mkopo.

Pili, kila tawi liwe na mfuko wa nauli, wenye daftari na stakabadhi, asije mtu akazila fedha hizo.

Tatu, wanafunzi waliotangulia wawapokee wageni stesheni, wawaonyeshe mabweni, wasije wakaangukia mikononi mwa matapeli.

Nne, wazazi tusiwadai watoto fedha za kujikimu. Hizo ni mkopo, nao watakuja kuulipa. Ndicho chakula chao.

Na katika yote manne, msichana apate sawasawa na mvulana.

Nanyi vijana mnaokwenda, jueni kwamba kila shilingi mtakayopewa imetoka kwenye jembe na mzinga. Hatudai mturudishie fedha. Someni, mmalize, na mkoa wenu msiusahau.

Kidole kimoja hakivunji chawa.