Bati Jembamba la Alumini Likatwe Bila Kuchanika

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wakulima na mafundi seremala, Nangara, mjini Babati)



Leo tunazungumza juu ya kukata bati. Lakini kwanza tumtaje panya. Mahindi na mbaazi tumelima wenyewe, tumepalilia, tumevuna na kubeba. Usiku panya anapanda mguu wa kihenge, anakula, na kile anachotuachia anakikojolea. Dawa yake moja ni duara la bati kwenye kila mguu. Panya akifika chini ya bati, kucha zake hazipati pa kushika, na ukingo uko mbali naye.

Bati letu ni la alumini, lile lililokwisha tumika katika mitambo ya kuchapia magazeti. Ni jepesi na haliliwi na kutu kama chuma. Ukitaka kulijua, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikishika, hilo ni bati la chuma.

Sasa tufanye hesabu. Mguu wa kihenge una upana wa sentimita 10. Bati litokeze sentimita 25 kila upande. Basi 25 na 10 na 25 ni 60. Duara letu litakuwa na upana wa sentimita 60, na tundu la sentimita 10 katikati.

Mafundi seremala wengi wanayo ruta, ile mashine ya umeme ya kuchongea mbao. Sisi tulidhani kazi itakuwa rahisi. Tuliweka bati juu ya meza, tukawasha. Kumbe! Bati liliinuka, likatetemeka, likachanika kama kanga kuukuu. Mabati matatu yaliharibika, na mwenzetu mmoja alikatwa kidole. Bati hili ni jembamba mno, haliwezi kujishikilia lenyewe mbele ya kisu kinachozunguka kwa kasi.

Dawa tuliyoipata ni kulibana bati katikati ya mbao mbili. Weka plaiwudi chini, bati juu yake, kisha plaiwudi nyingine nyembamba juu. Funga kwa skurubu, pembeni na pia ndani ya duara. Skurubu zikae mbali na njia ya kisu. Vitundu vitakavyobaki ni vidogo, panya hatafaidika navyo. Hapo bati halina nafasi ya kuinuka, nalo hukatwa pamoja na mbao.

Kisu kiwe kikali. Alumini ni laini. Ikipata moto huganda kwenye makali, na kisu kilichogandwa hakikati tena, kinachana. Kwa hiyo usizame mara moja. Mzunguko wa kwanza ukate ubao wa juu, wa pili ukate bati. Usisimame mahali pamoja. Wako wanaopaka mafuta ya taa. Sisi tumekataa, maana mota ya ruta hutoa cheche. Tunapaka nta ya nyuki kidogo kwenye kisu, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Ili duara liwe duara kweli, funga ruta kwenye ubao mrefu, na ubao uushikize kwa msumari katikati ya bati. Ruta itazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Izungushe kinyume cha mshale wa saa. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu chembe za alumini huruka hadi machoni.

Asiye na umeme atumie mkasi wa bati. Kata kwanza nje ya mstari, kisha rudia juu ya mstari. Usifunge mkasi mpaka mwisho, maana ncha yake huacha jino kali kila inapofunga. Tundu la katikati sisi wenyewe hulikata kwa mkasi. Tunaanzia ukingoni, na mkato huo ndio unaotuwezesha kulivisha bati mguuni bila kubomoa kihenge.

Halafu piga ukingo tupa na msasa. Pitisha kitambaa juu yake. Kikinasa, bado.

Bati lifungwe karibu mita 1 kutoka chini, kwa sababu panya anajua kuruka. Mkato uzibwe vizuri. Tena usiegemeze jembe wala ngazi kwenye kihenge, na tawi la mti lililo karibu likatwe. Tuliwahi kufunga mabati yote manne, na panya akapita kwenye mpini wa jembe.