Tochi, Mwendo na Haki ya Mshitakiwa



Tumeombwa kuzungumzia mashine za kupimia mwendo wa magari, ambazo wasafiri wote wanaziita tochi. Huenda wengine wakauliza jambo hili latuhusu nini sisi wa Mitundu, ambao mashimo ya barabara ndiyo askari wetu wa kwanza. Lakini mradi wa lami wa Mkiwa–Itigi–Noranga, kilomita 56.9, unaelekea upande wetu. Na lami ikifika, mwendo huja kabla ya alama na kabla ya askari.

Hatuzipingi mashine hizo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo huongezeka kwa asilimia 4. Mtoto anayevuka kwenda shule hana bodi la chuma la kumkinga. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu si uonevu.

Linalotusumbua ni namna mtu anavyotiwa hatiani. Askari aliyejibanza kichakani na tochi yake hamzuii dereva kukosa, humsubiri akose. Hata hivyo askari ni mtu. Dereva anaweza kuomba aonyeshwe kipimo, na asipokiri kosa anaweza kukataa faini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, shauri likaenda mahakamani. Kamera inayojiendesha haisikilizi neno. Husoma namba ya gari, na deni humwendea mwenye gari, hata kama usukani ulishikwa na mwingine. Mwisho wake twaujua: tajiri humkata dereva, na dereva hukimbiza gari zaidi ili afidie hesabu.

Wenzetu wa Uganda walianza faini za kamera mwezi Juni 2025: shilingi zao 200,000 kwa aliyezidisha mwendo kidogo, na 600,000 kwa aliyezidisha sana. Manung'uniko yalikuwa makubwa, hasa juu ya vikomo vya kilomita 30 na faini zilizofuatana haraka, hata Serikali ikausimamisha utaratibu huo mwezi uleule ili uchunguzwe upya.  Watu hawakuwa wameandaliwa.

Kwa hiyo tunadai mambo yaliyo wazi: kibao kionekane kabla ya kamera, picha ionyeshwe kwa anayetozwa, na apewe muda na mahali pa kujitetea bila kufunga safari ya hadi Manyoni kwa ajili ya karatasi moja.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya waorodheshe mahali ambapo watoto na wenye baiskeli huvuka barabara. Orodha hizo tutazipeleka kwa Serikali ya Kijiji, kisha kwa TANROADS Singida, kabla lami haijafika. Zile za vitongoji vya mbali zaweza kuletwa kwa katekista.