Maji Hupita Kwenye Maungio

Rangi ya ukuta wa chumbani inabanduka? Kona inanuka unyevu? Kabla hujalaumu masika, angalia nyuma ya ukuta huo kuna nini. Mara nyingi ni bafu.

Tailizi yenyewe haivuji. Kinachovujisha ni maungio. Nasema tena: maungio. Ile simenti nyeupe ya katikati ya tailizi, yaani grauti, hunywa maji. Ikipata ufa, maji hushuka chini, kisha hupanda ukutani.

Jaribu hivi. Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Mwaga maji yafunike sakafu, yasifike kwenye kizingiti. Yaache usiku kucha. Unyevu ukiongezeka ukutani, sakafu inavuja. Usipoongezeka, mwite fundi bomba, huenda bomba limetoboka.

Sakafu ikivuja, kwangua maungio yaliyopasuka. Acha bafu likauke kabisa. Hapa ndipo subira hutuishia, hasa nyumba ya kupanga, bafu moja, wapangaji sita! Ombeni la jirani. Kisha jaza grauti mpya. Kwenye kona, sakafu inapokutana na ukuta, weka silikoni, maana hunyumbuka bila kupasuka. Usioge humo mpaka kesho yake.

Na wewe unayejenga sasa: fundi apake dawa ya kuzuia maji kabla ya kubandika tailizi, ipande mpaka ukutani. Akisema tailizi zinatosha, mkumbushe: maji hupita kwenye maungio.