Gari Huliwa Kutoka Chini

Msikilizaji mwenye gari Mombasa, Tanga au Unguja, adui wa gari lako yuko uvunguni. Chuma, maji na oksijeni vinatosha kuzaa kutu. Chumvi ya upepo wa bahari huiharakisha, kwa kuwa huvuta unyevu na kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi. Tena magari yetu mengi yametumika Japani, na yaliyotoka Hokkaido huenda yalipita barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kagua chini kabla hujalipa.

Ili kuzuia kutu, wengi hupulizia oili chafu uvunguni kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ni kweli, mafuta hufukuza maji kwa muda. Lakini oili hiyo ina asidi, huharibu mipira ya bushi, hudondoka na kuchafua ardhi, na masika huiosha. Wengine hutegemea rangi nzito ya lami. Ikipakwa juu ya kutu au tope hufungia unyevu ndani, na chuma huoza bila kuonekana. Afadhali usingepaka kabisa. Ndiyo maana fundi mzuri hulipwa hasa kwa kuosha, kusugua na kukausha, si kwa kupaka. Asiye na fedha hizo aweza kufanya nyumbani, mradi gari likae juu ya stendi imara, kamwe si jeki pekee. Osha kwa maji yasiyo na chumvi (visima vingi vya pwani vina chumvi), sugua kwa brashi ya waya, acha pakauke, paka praima, kisha nta. Breki na bomba la moshi usivipake, wala usizibe matundu ya kutolea maji.