Swali Lako Kuhusu Tumbo la Mtoto Lina Thamani

Leo tutazungumza juu ya minyoo ya tumbo kwa watoto, na juu ya jambo ambalo wengi hatuliulizi: ni nani anayechagua maswali ambayo watafiti watayachunguza?

Tuseme wewe ni mama wa hapa Munje. Mwanao wa darasa la tatu amepewa dawa ya minyoo shuleni. Wewe hukupewa. Baba yake aliyekuwa baharini hakupewa, wala bibi yake. Baada ya miezi kadhaa mtoto anashika tumbo tena. Unajiuliza, "Mbona minyoo inarudi? Je, si afadhali tungetibiwa sote nyumbani?"

Mama, hilo si swali dogo. Lilichunguzwa hapa hapa Kwale kati ya mwaka 2015 na 2017, katika utafiti ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya, Imarisha Afya. Maeneo 120 yaligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza, watoto walipewa dawa shuleni mara moja kwa mwaka. Fungu la pili, watu wa nyumba nzima, kuanzia umri wa miaka 2, walipewa mara moja kwa mwaka. Fungu la tatu, nyumba nzima mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, minyoo ya safura ilipimwa. Pale walipotibiwa watoto peke yao, wenye safura walipungua kutoka karibu watu 19 katika kila 100 hadi 14. Nyumba nzima ilipotibiwa mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka 18 hadi 8. Mara mbili kwa mwaka, kutoka karibu 21 hadi 6.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mayai ya safura hutoka na kinyesi cha mtu mwenye minyoo, yakawa viluwiluwi mchangani, kisha vikapenya ngozi ya miguu. Wakubwa nao wana safura, tena mara nyingi kuliko watoto. Ukimtibu mtoto na kumwacha mkubwa, mchanga utaendelea kuchafuka na mtoto ataambukizwa tena. Safura hunyonya damu ndani ya utumbo. Mtoto huishiwa na damu, akachoka, na masomo yakamshinda. Mama mjamzito naye huwa hatarini.

Unaona basi, swali la jikoni kwako linaweza kuwa swali la utafiti. Lakini mara nyingi maswali huchaguliwa na wataalamu na wanaotoa fedha, bila mzazi kuulizwa. Huko Uingereza, tangu mwaka 2004, kuna mpango uitwao James Lind Alliance. Wagonjwa, walezi na madaktari huketi meza moja, kila upande ukaleta maswali yake, kisha wakakubaliana yapi yatangulie. Mara nyingi huchagua kumi.

Mama wa pwani angeleta yapi? Labda angeuliza: Shimo la choo lichimbweje katika mchanga huu unaoporomoka? Mtoto anayetapika kidonge asaidiwe vipi? Tutajuaje kuwa tumbo tunaloliita mchango ni minyoo au ni ugonjwa mwingine? Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, lakini wewe unalala naye. Usipouliza wewe, huenda swali hilo lisiulizwe kabisa.

Kwa hiyo, mama, fanya haya:

1. Likikusumbua jambo kuhusu tumbo la mtoto, mweleze mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa zahanati. Liseme pia katika baraza.

2. Watafiti wakija, waulize: "Swali hili mmelipata wapi? Sisi mmetuuliza?"

3. Ukiombwa mtoto aingie katika utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au Kidigo. Unaweza kukubali, kukataa, au kujitoa baadaye, na mtoto asinyimwe matibabu kwa sababu hiyo.

4. Utafiti ukiisha, dai majibu. Yametoka kwenu, na yarudi kwenu.

Lakini kumbuka, mtoto mgonjwa hasubiri utafiti. Akiharisha damu, akiwa mweupe viganjani na machoni, au akiwa mnyonge asiyeweza kunywa, mpeleke hospitali mara moja. Nyumbani, avae viatu, kila mtu atumie choo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mama, wewe ndiwe wa kwanza kujua mwanao anapoumwa. Usione haya kuuliza. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na wanao. Kwaheri.